Jicho Limenyooka, Mkono Umebaki Nyuma

Daktari alinifunika jicho la kushoto kwa kiganja chake, akanyanyua kalamu mbele yangu, akasema: "Mwalimu, gusa ncha ya kalamu. Haraka, usifikirie."

Nikagusa hewa.

Kalamu nilikuwa naiona. Ilikuwa ya bluu, ya kawaida, kifuniko kimetafunwatafunwa, ncha yake kama sentimita 50 kutoka usoni kwangu. Bandeji niliyofungwa baada ya upasuaji wa makengeza ilikuwa imetolewa dakika hiyohiyo. Jicho la kulia lilikuwa jekundu, linawasha, linatoka machozi, lakini lilikuwa linaona. Mkono ulikwenda bila kusitasita ukatua kushoto ya kalamu, upande wa pua, kwa upana wa vidole vitatu hivi. Akaisogeza. Nikakosa tena, upande uleule. Nilipoanza kwenda taratibu ili niuongoze mkono huku nautazama, akanizuia.

"Ukienda taratibu utajisahihisha njiani. Nataka kuona mkono wenyewe unaamini nini."

Akaandika kwenye faili, akasema ni kawaida, itaondoka yenyewe. Nesi akaita jina la mgonjwa mwingine.

Na kweli iliondoka. Swali ndilo halikuondoka. Kwa wiki kadhaa, nikiwa nasahihisha madaftari au nimesimama kituoni nasubiri daladala, nimekuwa najiuliza: kama kalamu nilikuwa naiona, na mkono ni mzima, ni nani aliyekuwa amekosea?

## Sentimita 17 ambazo hazikutokea

Nafundisha hisabati, kwa hiyo nilianzia huko.

Jicho langu la kulia liligeukia ndani tangu utotoni. Walipolipima kwa prizimu, yaani kipande cha kioo kinachopinda mwanga, kabla ya upasuaji walipata 35. Maana yake, katika umbali wa mita 1, mstari wa jicho la kulia ulikuwa unapita sentimita 35 kando ya kile kinachotazamwa na la kushoto. Ukiigeuza kuwa pembe unapata nyuzi 19 na kidogo.

Upasuaji wenyewe ni kazi ya milimita. Nililazwa kwa nusu kaputi. Msuli wa ndani, ule unaovuta jicho kuelekea puani, ulikatwa pale uliposhikana na jicho, ukashonwa milimita 5 nyuma ili nguvu yake ipungue. Wa nje ulifupishwa milimita 8 ili uvute zaidi. Mboni haikuguswa, wala lenzi, wala neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Jicho la mtu mzima ni tufe lenye kipenyo cha takriban milimita 24. Mzunguko wake ni kama milimita 75, hivyo milimita 1 juu ya uso wake ni karibu nyuzi 5. Jicho halizunguki kwa kiasi hicho chote msuli unaposogezwa, kwa sababu misuli mingine nayo inavuta kwa upande wake. Hata hivyo unaona kwa nini nusu milimita ni jambo zito kwa madaktari hawa.

Sasa hesabu. Kama ubongo wangu haukuwa na habari kabisa kwamba jicho limehamishwa, ungeendelea kulihesabu kuwa limeingia ndani nyuzi 19 zaidi kuliko lilivyo. Kwa umbali wa sentimita 50, kosa la nyuzi 19 ni kama sentimita 17. Kama ulikuwa na habari yote, kosa ni sifuri.

Mimi nilikosa kwa vidole vitatu. Sentimita 5, tuseme 6.

Sikuwa na rula, na chumba kilikuwa na mwanga: niliona meza, dirisha, mabega ya daktari, na vyote hivyo humsaidia mtu kujua kitu kiko wapi. Lakini kutoka 6 hadi 17 ni mbali. Kuna kitu ndani yangu kilikuwa kimeshajua, kabla jicho halijapata nafasi ya kutazama chochote, kwamba limehamishwa.

Nani alikiambia?

## Bonyeza jicho lako

Fumba jicho moja. Kwa lile lililo wazi, weka kidole pembeni, juu ya kope, upande wa nje, ulisukume kidogo sana na taratibu. Ukuta utasogea. Toa kidole, kisha tazama kushoto, kulia, kushoto. Jicho limezunguka zaidi ya lilivyosukumwa na kidole, lakini safari hii ukuta umetulia mahali pake.

Hermann von Helmholtz, mwanasayansi wa Kijerumani wa karne ya 19, alijenga hoja nzima juu ya jambo hili. Ubongo unajua jicho limeelekea wapi kwa sababu ubongo ndio ulioagiza. Agizo linapotoka, nakala yake inabaki nyuma, na picha inaposogea ndani ya jicho, ubongo unaondoa kiasi kilekile ulichoagiza. Kidole kinaposukuma hakuna agizo, hakuna nakala, basi dunia ndiyo inayoonekana kuhama. Mwaka 1950 Roger Sperry, huko Marekani, alieleza tabia ya samaki aliyegeuzwa jicho juu chini: alizunguka na kuzunguka, kwa sababu kila alipojongea, dunia ilikwenda kinyume na alivyoitegemea. Mwaka huohuo Erich von Holst na Horst Mittelstaedt waliifikia hoja ya namna hiyohiyo kwa njia yao.

Charles Sherrington, Mwingereza, aliona vingine. Misuli ya jicho ina neva zake za hisia, alisema, na hizo ndizo zinazopeleka taarifa. Fumba macho ugeuze kiganja chako: unajua kimetazama juu au chini bila kukiona. Kwa nini jicho linyimwe kile ambacho kiganja kimepewa?

Ukisoma hoja ya Helmholtz peke yake unaona mambo yamekwisha. Nilikuwa upande wake kwa siku kadhaa. Kisha nilirudi kwenye ile kalamu. Kama ni agizo tu, ningekosa kwa sentimita 17.

## Sisi wenye bandeji

Kuamua kati ya wazee hawa wawili kwa kumpima mtu mwenye macho ya kawaida ni kazi ngumu, maana kwake agizo na taarifa ya msuli husema jambo lilelile. Anahitajika mtu ambaye agizo halijabadilika lakini jicho linaishia kwingine. Daktari wa makengeza anampata mtu huyo kila siku ya upasuaji. Na bandeji inahakikisha jicho halijapata nafasi ya kujifunza kwa kuona.

Mwaka 1981 Martin Steinbach na Donald Smith walichapisha katika jarida la Science matokeo ya wagonjwa wa namna yetu. Waliwapima kwa kulenga shabaha kwa mkono bila kuuona mkono wenyewe, kabla ya upasuaji na baada yake. Waliofanyiwa kwa mara ya kwanza walilenga karibu na mahali sahihi. Ubongo wao ulikuwa umepata habari. Waliokuwa wamewahi kupasuliwa huko nyuma ndio waliokosea zaidi. Na sababu waliyoitoa ilinifanya nisimame: mwisho wa msuli wa jicho, pale unapogeuka kuwa kano, kuna miisho ya neva inayodhaniwa kuwa ndiyo inayohisi mvuto, na hapohapo ndipo kisu kinapopita.

Nililipenda sana jibu hilo. Lilinieleza mimi mwenyewe: mara yangu ya kwanza, mjumbe bado yuko hai, kosa dogo.

Halafu nikakutana na mwaka 1986. Otmar Bock na Guntram Kommerell walifanya uchunguzi wa aina ileile, wakapata kinyume. Wagonjwa wao walikosa kwa namna ambayo Helmholtz angeitabiri.

Hapo nilikwama. Watu makini pande zote mbili, upasuaji mmoja, majibu yanayopingana. Nilifikiria kuacha, niseme tu kwamba daktari alisema ni kawaida, basi. Kilichonivuta tena ni jaribio la mwaka 1990 la Gabriel Gauthier na wenzake wa Marseille, ambalo nimelisimulia kwa kila mwalimu mwenzangu aliyekubali kunisikiliza. Walichukua watu wenye macho mazima wakawaziba jicho moja. Jicho hilo lililozibwa wakalivuta pembeni kwa lenzi inayonata kwa kunyonya. Jicho lililo wazi likaachwa litazame shabaha kwa amani. Anayetazama ni jicho moja, na jicho hilo halijaguswa. Pamoja na hayo mkono ulihama, kuelekea upande lilikovutwa jicho lisiloona kitu. Haukuhama kwa kiasi chote, ulihama kwa sehemu ndogo. Lakini ulihama.

Maana yake ubongo unasikiliza misuli hata ya jicho lililofunikwa.

Mwaka 2007 kundi la Michael Goldberg wa New York liliripoti kwamba katika ubongo wa tumbili, kwenye eneo linalopokea hisia za mwili, kuna seli zinazofuata mkao wa jicho. Eneo hilohilo ndilo linalojua mkono uko wapi na mguu uko wapi. Sherrington angefurahi.

Leo naamini kwamba wote wawili walikuwa na haki, kwa mizani isiyo sawa. Agizo lina sauti kubwa. Msuli una sauti ndogo inayoendelea bila kunyamaza. Na macho yenyewe, yakipewa muda, huwasahihisha wote wawili. Mkono wangu uliotua vidole vitatu kushoto ya kalamu ulikuwa umetua mahali walipokubaliana kwa muda.

## "Umepona au umeharibiwa?"

Nyumbani hali ilikuwa mbaya kwanza.

Niliona viwili viwili. Kikombe kimoja kilikuwa na pacha hafifu upande wake wa kushoto. Taa ya barazani zilikuwa mbili. Nikajifunza kupapasa: naweka kiganja kwenye ukingo wa meza, nakitelezesha hadi kigonge kikombe, ndipo nashika. Mama aliponipa chai mkononi nilimwomba aiweke mezani. Alinitazama kwa muda.

"Mwanangu, sasa umepona au umeharibiwa?"

Sikuwa na jibu la kumpa, na usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimekwenda kwa hiari yangu, mtu mzima, nikilipa mwenyewe, kunyoosha jicho ambalo lilikuwa limeniruhusu kusoma, kufundisha na kupika kwa miaka yote hiyo.

Nilichokuja kukielewa baadaye ni hiki. Mtoto ambaye jicho lake limegeuka tangu mapema, ubongo wake haukubali kuishi na picha mbili. Unaizima sehemu ya picha ya jicho lililogeuka, au unaihamisha: unajifunza kwamba kinachoangukia mahali fulani pembeni ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) ya jicho hilo ndicho kilichoko mbele. Ni marekebisho ya kweli, yamefanyika kimyakimya miaka mingi. Daktari akilinyoosha jicho, marekebisho yale hayafutiki siku hiyo. Yanaendelea kufanya kazi juu ya jicho ambalo haliyahitaji tena. Macho yangu yalikuwa yamenyooka, na mimi nilikuwa naona kama mtu ambaye jicho lake limegeukia nje. Ni kama baiskeli iliyopinda usukani ukaizoea: siku fundi akiunyoosha ndiyo siku unayoangukia mtaroni.

Kwa wengi, pacha yule hufifia. Wangu alififia. Wapo wachache ambao habanduki, na ndiyo maana kabla ya kumpasua mtu mzima daktari makini humwekea prizimu mbele ya jicho, aone kama kunyooka kutamletea viwili viwili. Mimi niliwekewa. Sikuelezwa ni ya nini.

## Upande wa kulia wa barabara

Siku nilipoacha kujuta nilikuwa nasimama kando ya barabara kuu, jioni, natoka kazini.

Kwetu magari hupita kushoto. Ukisimama ukingoni kutaka kuvuka, cha kwanza kinachoweza kukugonga kinatokea kulia. Na jicho langu la kulia ndilo lililokuwa limeegemea puani. Jicho likigeukia ndani, uwanja wake wote unakwenda nalo. Kipande cha mwisho kabisa cha upande wake kinakatika. Nilikuwa nimezoea kugeuza shingo nzima kabla ya kuweka mguu barabarani, nikidhani kila mtu hufanya hivyo.

Jioni ile niliiona bodaboda bila kugeuka. Ilikuwa kwenye ukingo kabisa, haina umbo, ni mwendo tu na taa. Nikarudisha mguu.

Mwaka 1994 Burton Kushner wa Wisconsin alichapisha vipimo vya watu wazima ambao jicho lao lilikuwa limegeukia ndani. Baada ya upasuaji, karibu wote uwanja wao wa kuona ulipanuka. Nilipokisoma kipimo hicho nilihisi kuna mtu amenipimia ile jioni yangu. Wenye jicho lililogeukia nje, kwa haki, hupata kinyume: wao kabla ya upasuaji huona kwa upana kuliko sisi wote, na baadhi yao hulalamika baadaye kwamba wamebanwa. Nao wanastahili kuambiwa mapema.

Darasani pia kuna nafasi iliyobadilika, ingawa hii si ya kwangu peke yangu. Zamani nikitazama dawati la nyuma nikasema, "Haya, wewe, jibu," walikuwa wanasimama wawili, au hasimami yeyote kwa kuogopa kukosea. Nilijifunza kuita kila mtoto kwa jina. Sasa ninayemtazama ndiye anayesimama. Kumbe hata wao walikuwa wanahitaji kujua jicho la mwalimu limeelekea wapi ili wajue wao wako wapi.

## Kina bado sijakipata

Wengi wameniuliza kama sasa naona kina, yaani ule mchomozo wa vitu unaotokana na macho mawili kulinganisha picha zao. Hapana.

Sababu ni ya zamani. Katika miaka ya 1960 David Hubel na Torsten Wiesel waliwakata paka wachanga msuli wa jicho ili kuwapa makengeza. Macho yote mawili ya paka wale yalikuwa mazima. Lakini kwenye ubongo, seli ambazo kwa kawaida huitikia macho yote mawili zilikuwa zimepungua sana. Nyingi zilichagua jicho moja. Kinachokatika mapema namna hiyo ni kigumu kuunganisha ukubwani.

Kigumu, sikusema hakiwezekani. Susan Barry, mwanabiolojia wa neva wa Marekani, alipasuliwa makengeza utotoni, macho yakanyooka, na bado aliishi bila kina hadi akiwa na miaka 48, ndipo mazoezi ya macho yalipomfungulia. Habari yake inanigusa kwa sababu inatenganisha mambo mawili ambayo sisi huyafunga pamoja: kunyooka kwa macho na kushirikiana kwa macho. La kwanza kisu kinaweza. La pili ni kazi ya ubongo, na kila mtu ana mwisho wake.

Mimi naishi na vivuli, na vitu vinavyofunikana, na vile vilivyo karibu vinavyopita haraka zaidi ukiwa kwenye basi. Vinanitosha kumimina chai.

## Mama wa mwanafunzi wangu

Wiki iliyopita alikuja mama wa mwanafunzi wangu mmoja. Baada ya salamu na habari za maendeleo ya binti, akavuta kiti karibu. Ana mtoto mwingine wa miaka mitatu ambaye jicho linaingia ndani.

"Mwalimu, nasikia ni mambo ya kupendeza tu. Nipoteze hela kwa ajili ya sura?"

Maneno hayo nimeyasikia maisha yangu yote, kwa majirani, kwa ndugu, hata kwa mhudumu mmoja wa afya nilipokuwa msichana, na ndiyo yaliyonichelewesha. Sura ni jambo zito, sitalidharau. Lakini jicho lililogeuka linaamua gari linaonekana kutoka wapi, mkono unatua wapi, na kwa mtoto mdogo linaamua hata ubongo utaunganisha picha zake vipi.

Nilimwambia aanze kwa kumpeleka akapimwe ndani ya jicho, bila kungoja, kwa sababu kwa mtoto wa umri huo makengeza yanaweza, ingawa ni mara chache, kuwa dalili ya saratani ya jicho. Kuna watoto ambao miwani peke yake huwanyoosha. Kuna wanaohitaji kuzibwa jicho lenye nguvu kwa saa kadhaa kila siku ili lililo dhaifu lifanye kazi. Na kuna wanaohitaji kisu. Katika hospitali za KCMC, Moshi, na CCBRT, Dar es Salaam, wapo madaktari wa macho ya watoto.

Wanakwenda Jumanne. Nimemwandikia maswali kwenye karatasi ya daftari. Jicho hili linaona kiasi gani likiwa peke yake? Miwani ijaribiwe kwa muda gani kwanza? Akipasuliwa, ataona viwili viwili? Na la mwisho, ambalo mimi sikujua kuliuliza: baada ya upasuaji, ni kwa muda gani asiachwe ashuke ngazi au avuke barabara bila kushikwa mkono?